UZI: Umekwama Kireno cha kati? Acha kukipitia kwa Kiingereza, kipitie kwa Kiswahili chako

#1 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni kwa wale ambao Kireno walishaanza. Salamu unazo, namba unazo, ukiwa sokoni Nampula unanunua nyanya bila shida na mtu akikuuliza umetoka wapi unamjibu, ila ukikaa kikao na Wamsumbiji watano wanaoongea wenyewe kwa wenyewe unabaki kutikisa kichwa tu na mambo yote yanakupita. Hiyo ndo ngazi ya B1 (ya kati kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya, kinachoanzia A1 mpaka C2) na watu wengi wanafia hapo hapo, miaka inaenda wanaongea Kireno kile kile cha "eu quero, eu vou, eu gosto".

Nimefanya kazi za mizigo kaskazini mwa Msumbiji, nimekaa na Watanzania, Wakenya, Wanyarwanda, na nimeona kitu kimoja kinajirudia kwa karibu wote. Tunajifunza Kireno kwa kupitia Kiingereza. Programu za simu ni za Kiingereza, vitabu vya Kiingereza, video za Kiingereza. Sasa mwandishi wa kile kitabu anamfikiria Mmarekani au Mwingereza, anatumia kurasa ishirini kueleza kitu ambacho kwa Mmarekani ni kigumu na wewe unakiongea tangu utotoni, halafu unatoka pale umeamini kwamba ni kigumu kweli.

Nichukue hii inaitwa conjuntivo (Wabrazili wanaita subjuntivo). Kila mtu wa ngazi ya kati anaiogopa. Lakini angalia:

"Quero que venhas" – nataka uje.
"É melhor que ele vá" – afadhali aende.
"Diz-lhe que espere" – mwambie asubiri.

Hiyo -e ya mwisho, uje, aende, asubiri, ndo conjuntivo yenyewe. Hakuna Mswahili anasema "nataka unakuja". Ukishaona hivo nusu ya woga inaisha, maana sehemu zote ambazo Kiswahili kinadai -e kwa sababu ya kutaka, kuamuru, kuomba, "ili", "lazima", "afadhali", Kireno nacho mara nyingi kinadai conjuntivo. Zinazobaki za kujifunza upya ni zile za shaka na za hisia, mfano "não acho que ele saiba" (sidhani kama anajua), "talvez chova" (labda mvua itanyesha), "embora seja caro" (ingawa ni ghali), "fico feliz que tenhas vindo" (nafurahi umekuja). Kwenye hizo Kiswahili hakitakusaidia sana, kwaiyo nguvu zako ziweke huko, sio kwenye "quero que".

Kuna nyingine tamu zaidi, futuro do conjuntivo. Hii hata Wafaransa na Wahispania wa leo kwenye kuongea hawana, na vitabu vinaiweka mwisho kabisa kama vile ni mambo ya maprofesa, wakati Msumbiji utaisikia asubuhi kabla hujanywa chai:

"Quando chegares, liga-me" – ukifika nipigie.
"Se tiveres tempo, passa aqui" – ukiwa na nafasi pita hapa.
"Quem quiser pode ir" – atakayetaka anaweza kwenda.

Ni -ki- na -po- zetu hizo. Na ukija kwenye -nge-: "se eu tivesse dinheiro, comprava uma mota", ningekuwa na hela ningenunua pikipiki. Kwenye -ngali-: "se eu tivesse sabido, teria vindo", ningalijua ningalikuja. Ukiwa na sentensi ya Kiswahili kichwani unajua tayari unataka mlango upi, kinachobaki ni kukariri umbo la kitenzi, na umbo nalo lina njia ya mkato nitaieleza mbele.

Kingine, nyakati zilizopita. Pretérito perfeito na imperfeito zinawasumbua wanaopitia Kiingereza, lakini sisi tunatofautisha "nilienda sokoni" na "nilikuwa naenda sokoni kila Jumamosi". Ya kwanza "fui ao mercado", ya pili "ia ao mercado todos os sábados". "Nilipofika alikuwa anapika", "quando cheguei, ela estava a cozinhar". Na "sijala bado" ni "ainda não comi", "nimeshakula" ni "já comi", basi. Hapa tahadhari moja, usione "tenho comido" ukadhani ni "nimekula". "Tenho estudado muito" maana yake siku hizi nimekuwa nikisoma sana, kitu kinachojirudia mpaka leo. Watu wa ngazi ya kati wanaitumia vibaya sana hiyo kwa sababu Kiingereza kimewadanganya.

Karibuni tujadili, nina mengine ya ratiba ila sitaki post iwe ndefu kupita kiasi.

#2

Mkuu uzi mzuri sana huu, sijawahi kuona mtu kaeleza Kireno hivi. Swali, hizi programu nyingi tunazopakua zinafundisha cha Brazili, mi nataka kwenda Beira kwenye mambo ya bandari. Nianze upya au niendelee tu?

#3 (mleta uzi)

Usianze upya mkuu. Ni lugha moja, Mmsumbiji anaangalia tamthilia za Brazili toka utotoni anakuelewa vizuri tu. Ila ukifika ngazi ya kati lazima uchague upande mmoja wa kuongelea, maana ukichanganya inakuwa kila siku unasita. Ni kweli Duolingo inafundisha cha Brazili, kwaiyo umeshazoea "estou falando", kwa Beira zoea "estou a falar". Treni wao trem, Msumbiji comboio. Basi kule ônibus, huku autocarro, na watu wa kawaida utawasikia wanasema machimbombo, na ile hiace ya abiria ni chapa. Chai ya asubuhi Wabrazili café da manhã, Wareno pequeno-almoço, Msumbiji utasikia sana matabicho. Juisi ni sumo sio suco. Shamba ni machamba, ugali ni xima, kitenge ni capulana, "sana" mtaani ni maningue. Hayo ya mwisho hakuna kitabu cha Lisboa kitakufundisha, yanatoka kwa watu.

Tahajia pia. Kuna makubaliano ya tahajia ya 1990, Brazili na Ureno wanayafuata, ila magazeti ya Msumbiji bado utakuta "acção", "director", "projecto". Usishtuke ukadhani ni maneno mengine.

#4

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni mkalimani, Kiswahili na Kiingereza, nipo kwenye kusoma Kireno kwa nguvu zote kwa sababu ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Wengi hawajui kwamba mkutano wa wakuu wa nchi Agosti 2019 hapo Dar ulipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Maana yake kuna haja ya watu wanaotoka Kireno kuja Kiswahili moja kwa moja bila kituo cha Kiingereza katikati, na watu hao ni wachache mno.

Niwape njia ninayoitumia mimi inaendana na alichosema mleta uzi. DW wana idhaa ya Kiswahili na wana Português para África. Habari nyingi ni zile zile, uchaguzi, vita, mafuriko. Nasoma kwanza ya Kiswahili mpaka naijua habari yote, halafu nasikiliza ya Kireno bila maandishi. Kwa kuwa najua habari tayari, akili yangu haihangaiki na "nini kimetokea", inashughulika na "wamesemaje". Umoja wa Mataifa nao wana Habari za UN kwa Kiswahili na ONU News kwa Kireno. Baada ya kusikiliza nafunga kila kitu nafupisha kwa mdomo kwa Kireno, nikijirekodi kwenye simu. Ukifanya hivyo kila siku na habari mbili tu utaona sikio linafunguka, hasa yale maneno ya kuunganishia ambayo hayana picha, "portanto", "aliás", "ou seja", "no entanto", "por enquanto", "se calhar". Haya ndiyo yanatenganisha mtu wa ngazi ya kati na mtu anayeongea.

#5

Niko Pemba huu mwaka wa tatu. Nikubaliane na nyie lakini niwaonye kitu. Mtanzania akitaka kujifunza Kireno kwa nguvu asije Cabo Delgado akadhani kuishi tu kutamtosha. Ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala ukaingia Negomano kuelekea Mueda, wazee wengi wa Kimakonde watakuongelesha Kiswahili, wengine waliishi Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge, wengine walikimbilia kwetu kipindi cha vita vya ukombozi. Ukienda pwani, Palma, Mocímboa da Praia, Kimwani kinafanana na Kiswahili, maneno mengi utayatambua. Ni watu wakarimu, wakisikia unababaika na Kireno wanakurukia na Kiswahili ili wakusaidie, na hapo somo lako la siku limeisha.

#6 (mleta uzi)

#5 umegusa kitu cha msingi kabisa aisee. Ndo maana mimi humwambia mtu kama una mwezi au miwili ya kujifunza mfululizo, nenda Nampula mjini, Quelimane, Beira au Maputo. Kule watu wana Kimakhuwa, Kichuabo, Kisena, Kichangana kwao, na Kireno ndo wanachokutana nacho wote mjini. Kumbuka na Kireno kwa Wamsumbiji wengi ni lugha ya pili kama ilivyo kwa wewe, wanakitamka wazi, irabu zao zinasikika zote, kwaiyo sikio la Kibantu linakipokea vizuri kuliko cha Lisboa. Mimi naamini kabisa Msumbiji ndo shule bora ya Kireno kwa mtu wa Afrika Mashariki, na nasikitika tunavyopitwa nayo wakati ni jirani yetu wa kupakana kwa mto Ruvuma tu.

Sasa ratiba. Mtu wa ngazi ya kati hahitaji sarufi saa sita kwa siku, atachoka. Kama umejitoa kweli, chukua saa nne za siku. Ya kwanza asubuhi kichwa kikiwa fresh ni kuandika kile unachosikia, yaani imla, dakika mbili za habari tu, unarudia mpaka kila neno limekaa kwenye karatasi. Hapo utakutana na ile michanganyo, "no" ni "em + o", "pelo" ni "por + o", "àquela hora", "disso", "naquele", ukisikiliza juu juu huwezi kuisikia. Ya pili ongea na mwalimu, uso kwa uso au kwa video, na mwambie asikufundishe, akuulize, akusahihishe baada ya kumaliza sentensi sio katikati. Ya tatu andika. Barua ya malalamiko, ripoti ya kazi, maelezo ya ajali ya gari, vitu ambavyo kazini utaandika kweli. Ya nne isiwe ya kukaa, nenda kwa watu. Kanisani, kwenye mpira, kinyozi. Kinyozi ni mzuri sana kwa sababu amekushika kichwa na anataka stori.

Na msidharau kusoma kwa sauti. Sisi tuna irabu tano, Kireno kina zaidi, na kuna za puani. "Avó" ni bibi na "avô" ni babu, tofauti ni kufungua mdomo tu. "Pão" ni mkate na "pau" ni kijiti, ukiwa Brazili hiyo ya pili ina maana nyingine ya matusi, kwaiyo ile "ão" ipitishe puani. Nyingine ni tabia yetu ya kumalizia neno na irabu, "falar" inageuka "falari", "Brasil" inageuka "Brasili". Kata pale pale.

#7

Sasa wadau, niko Nairobi. Mimi naangalia scholarship ya Brazil, ile PEC-G ya undergraduate. Nimeskia kuna mtihani wa Celpe-Bras, ni ngumu aje? Na uzi unasema Msumbiji ndio poa, kwa sisi wa Brazil je?

#8

Naomba nimjibu #7 maana nimepita huko. Celpe-Bras ni mtihani wa serikali ya Brazili, unaendeshwa na Inep, taasisi yao ya mitihani. Ni mmoja kwa ngazi zote, hakuna wa B1 na wa B2 tofauti, alama zako ndo zinaamua unapewa Intermediário, Intermediário Superior, Avançado au Avançado Superior, chini ya hapo hupati cheti. Hakuna swali la "jaza nafasi na kitenzi sahihi". Unaangalia video, unasikiliza sauti, unasoma makala, halafu unaambiwa andika barua kwa mhariri, au tangazo, au barua pepe kwa bosi, na wanaangalia kama barua yako ingefanya kazi kwa huyo mtu unayemwandikia. Sehemu ya kuongea mnakaa na mtu mnajadili picha na vichwa vya habari. Kwaiyo ile saa ya kuandika aliyosema mleta uzi ndo yako hasa. Wanaochaguliwa PEC-G bila cheti huwa wanapelekwa Brazili kusoma Kireno kwanza kwa nguvu kabla ya kuingia chuoni, na ukifeli mtihani baada ya hapo huendelei, sio mchezo.

Kwa Brazili zoea masikio mapema "ti" na "di", sehemu nyingi wanatamka "chi" na "ji", "dia" inakuwa "jia", "noite" inakuwa "noichi". Na kwenye namba za simu, tarakimu sita wanaisema "meia".

#9

Niko Lisboa. Alichosema mleta uzi kuhusu irabu ni kweli tupu, huku wanazimeza. "Telefone" unasikia kama "tlfon", "excelente" inabaki "shlent". Mtu aliyetoka Msumbiji na B1 nzuri akifika hapa wiki za mwanzo anadhani amesahau Kireno chote. Dawa yake ni redio, RDP África inamfaa sana mtu wa kwetu kwa sababu unapata sauti za Maputo, Luanda, Praia na Lisboa kwenye kipindi kimoja, unazoea zote.

Mitihani ya huku ni ya CAPLE, Chuo Kikuu cha Lisboa. CIPLE ni A2, hiyo ndo wanayotumia wengi kwenye maombi ya uraia. DEPLE ni B1, DIPLE ni B2. Ushauri wangu, mtu wa ngazi ya kati ajiandikishe DIPLE moja kwa moja kama ana miezi ya kujiandaa, DEPLE haitamvuta mbele.

#10

Shikamooni wakubwa. Mimi swali langu ni la heshima. Nitamwitaje mtu mzima? Tu, você, o senhor, nimechanganyikiwa kabisa na sitaki kumkosea mtu.

#11 (mleta uzi)

Marahaba. Swali zuri na kwetu ni la lazima. Mtu mzima usiyemjua ni "o senhor" au "a senhora", na kitenzi kinakaa nafsi ya tatu, "o senhor quer sentar-se?". Ukishazoeana naye, Msumbiji mama wa makamo unamwita "mamã", baba "papá", rika lako "mano" na "mana", kama sisi tunavyoita mama, baba, kaka, dada bila kuwa ndugu. "Você" Msumbiji na Brazili inatumika sana kwa rika, ila Ureno wengine wanaisikia kali, kwaiyo ukiwa na wasiwasi iache kabisa weka kitenzi tu, "quer água?" badala ya "você quer água?". "Tu" ni ya marafiki na watoto. Na salamu kwanza. Ukifika ofisini ukaanza na shida yako kabla ya "bom dia, como está?" umeshaharibu, hapo hata Kireno chako kiwe kizuri vipi. Ukiomba kitu tumia "queria", "queria uma informação", inalainisha kama "naomba" yetu.

#12

Mkuu uliahidi njia ya mkato ya vitenzi. Tunangoja daftari zipo mkononi.

#13 (mleta uzi)

Haya. Kariri nafsi ya "wao" kwenye pretérito perfeito, ile ya "walifanya". Fizeram. Ukitoa "-am" unabaki na "fizer", hiyo ndo futuro do conjuntivo: "se eu fizer", nikifanya. Ukitoa "-ram" ukaweka "-sse" unapata "fizesse": "se eu fizesse", ningefanya. Neno moja limekupa milango miwili na haikosei, hata kwa vitenzi vyenye vichwa vigumu.

Anzeni na hivi kwa mdomo, msiandike: tiveram, tiver, tivesse. Foram, for, fosse (hii ni ya "ser" na ya "ir" zote mbili, kuwa na kwenda). Estiveram, estiver, estivesse. Puderam, puder, pudesse. Quiseram, quiser, quisesse. Souberam, souber, soubesse. Disseram, disser, dissesse. Trouxeram, trouxer, trouxesse. Puseram, puser, pusesse. Deram, der, desse. Kila kimoja tungia sentensi ya Kiswahili yenye -ki- na nyingine yenye -nge- halafu ipeleke Kireno, "ukileta nitalipa", "se trouxeres, eu pago", "ungeleta ningelipa", "se trouxesses, eu pagava".

Pa kuwa makini ni "ver" na "vir". Kuona ni viram, kwaiyo "quando eu vir" ni nitakapoona. Kuja ni vieram, kwaiyo "quando eu vier" ni nitakapokuja. Wareno wenyewe wanakosea hiyo, utawasikia wanasema "quando eu ver". Nyie msiifuate.